Mistari Mia Moja na Themanini kwa Foni

Kijana mmoja wa ofisi ya jirani alinilalamikia juzi kwamba amepoteza asubuhi nzima akiandaa kompyuta mpya: kuweka seva, kuweka lugha ya programu, kuweka hifadhidata, kungoja kila kitu kishuke kutoka mtandaoni. Asubuhi nzima, alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Nilimpa pole kwa dhati. Kisha nilirudi nyumbani, hapa Saio, mtaa wa Bunia, nikajiuliza kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa kama ninayo haki ya kumwambia kwamba mimi faili moja tu lilinichukua alasiri tatu, kwamba lilisomwa kwangu alama kwa alama kupitia redio, na kwamba kwa sababu yake watu wa Marabo nusura wapoteze sauti yao. Nimeamua kwamba haki hiyo ninayo. Nimestaafu, mstaafu asiposimulia atafanya nini?

Kwanza niwaeleze jambo ambalo ninyi vijana mnalitumia kila siku bila kulitazama. Mazingira ya kuundia programu ni mahali pa kukosea pasipo kumwumiza mtu. Ndani ya mashine moja unaweka seva ya kujibu, kivinjari cha kuuliza, na hifadhidata ya kukumbuka. Kisha mashine inajiuliza na kujijibu, kana kwamba mji mzima umo ndani ya sanduku. Nilipofundishwa hayo darasani niliyaandika kama mtu anavyoandika orodha ya sokoni. Niliyastaajabia baadaye, katika Bunia ya wakati wa vita, ambapo hapakuwa na mtandao wala simu, na umeme ulikuwa ule wa jenereta, ambayo sisi tunaiita grupu, iliyowashwa saa tatu kwa siku.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kisangani, nilikokuwa naandaa shahada ya uzamili mpaka mabomu yalipoangukia mtaa wetu. Sikuwa mzima. Upepo ukipiga mlango, nilijikuta chini ya meza kabla sijajua kwamba nimekwenda huko. Dawa niliyojipa ilikuwa usahihi. Nilihesabu, nilipanga, nilikagua mara tatu. Nilidhani kwamba nikilipanga kila jambo bila kosa, hakuna kitakacholipuka.

Bohari ya dawa ya kanisa moja ilinipa kazi. Bohari ilihudumia vituo vya afya vinne, kutoka Marabo upande huu hadi Mongbwalu kule kwenye machimbo ya dhahabu, na vituo hivyo havikuwa na njia yoyote ya kuomba dawa isipokuwa foni, yaani ile redio ya mawimbi mafupi yenye kikuza sauti cha kubonyeza. Kila asubuhi muuguzi wa kila kituo alitaja kilichobaki na kilichohitajika. Bohari ilikuwa na makarani wawili katika vyumba viwili, kila mmoja na daftari lake, na mara kwa mara katoni ileile ya kwinini iliahidiwa Marabo chumba hiki na Mongbwalu chumba kile. Niliombwa kutengeneza kurasa za wavuti ambazo vyumba vyote viwili vingezisoma kutoka kompyuta moja, ili katoni moja isiahidiwe mara mbili. Walininunulia kompyuta mpya kwa ajili hiyo. Mpya kabisa, ingali na harufu ya katoni yake.

Foni ilishikwa na Mama Vero. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, aliyeacha shule darasa la sita na kujifunza foni kwa mnunuzi wa kahawa zamani za amani. Sijapata kufundishwa na mtu kama yeye, nami nimefundishwa na maprofesa.

Diski ya programu ilitoka Kampala ndani ya gunia la mfanyabiashara wa vitenge, ikiwa imesuguana njia nzima na sufuria. Hili nawapa bure: diski iliyokwaruzwa isuguliwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha; na dawa ya meno, ikiwa nyeupe isiyo na chembe, husaidia. Ilisaidia. Seva iliingia, hifadhidata iliingia, lugha ya programu iliingia. Faili moja likakataa, nalo ndilo lililounganisha lugha na hifadhidata. Bila hilo nilikuwa na watu watatu ndani ya nyumba moja wasiosemezana.

Rafiki yangu wa masomo, Kambale, alikuwa Butembo na diski ileile, nzima. Lakini barabara ilikuwa imefungwa, na ndege ndogo zilijaa watu waliokimbia. Nani angethubutu kumwomba rubani nafasi kwa ajili ya diski? Nilimweleza Mama Vero masikitiko yangu kama mtu anavyoeleza msiba.

"Butembo iko na foni," alisema. "Ule rafiki yako anasoma, mi narudilia, weye unaandika. Shida iko wapi?"

"Mama, hii si barua. Nukta moja ikipotea, mashine inakataa yote."

"Na kwinini je? Nukta moja ikipotea, mugonjwa anakufa. Leta karatasi."

Ndivyo tulivyoanza. Faili lilikuwa na mistari mia moja na themanini. Alama nyingi Mama Vero hakuwahi kuziona, kwa hiyo alizipa majina kwa umbo la kila moja, akamfundisha Kambale kwa dakika chache. Kistari cha chini alikiita mukeka. Mabano yaliyopinda aliyaita pembe: pembe ya kufungua, pembe ya kufunga. Ile alama ya mistari minne inayokatana aliiita lupango, kama uzio wa nyumba. Kambale alisema neno, Mama Vero akalirudia akiwa amefumba macho, Kambale akasema "ndiyo", ndipo nasi tukaandika. Mimi kwenye karatasi yangu, yeye kwenye daftari lake la shule, maana hakumwamini mtu yeyote kuandika kwa niaba yake. Neno lisilorudiwa kwake halikuwa limesemwa. Nimefanya kazi miaka mingi tangu hapo, nimeona mitambo ya kukagua makosa yenye bei kubwa, na yote hufanya lile alilofanya Mama Vero kwa masikio.

Nilishangaa, na sijamaliza kushangaa. Kati yetu na Butembo mtu hakuweza kupita. Gari halikuweza, mbuzi hakuweza. Nukta na mkato vilipita. Vilipaa juu ya msitu na vizuizi, vikatua Bunia, vikarudiwa na mama mwenye miwani ya uzi, vikaandikwa.

Hapa sasa ndipo makosa yangu yalipo, nami nayaeleza kwa utaratibu kwa sababu yalikuwa mawili na yalishikana mikono.

Foni ina desturi yake. Masafa yale ni kama barabara: kila mwenye chombo anasikia. Anayeingia husalimu kwanza, husema ni nani, huuliza watoto, mvua, mihogo. Wengine wote wanaosikiliza wanamtambua, wanatulia. Akimaliza husema "à vous" au "à toi", yaani zamu yako. Mama Vero alikuwa bingwa wa salamu. Mimi nilimpima kwa saa. Salamu zilikula dakika nne katika kila dakika kumi, na batri yetu ilichajiwa na paneli moja ya jua.

"Mama, tuache salamu mpaka tumalize," nilisema.

"Batanijua namna gani?"

"Hawana haja ya kukujua. Watasikia herufi tu."

"Herufi haina kwao, professeur."

"Batri itaisha, mama."

Alinitazama juu ya miwani. "Bon. Weye njo mwenye masomo."

Kosa la pili ni hili. Mstari unaoanza na lupango, mashine haiusomi. Ni maelezo yaliyoachwa na mwandishi kwa ajili ya binadamu wenzake. Kambale alinikumbusha mapema, mstari wa kumi hivi.

"Ndugu, hii ya lupango mashine haisome. Tuiruke? Ni zaidi ya nusu. À toi."

Nilimwambia Mama Vero ajibu kwamba isirukwe hata mmoja.

"Anasema usiruke," Mama Vero alisema. "Usiulize juu ya nini. Ni mutu wa Kisangani."

Niliogopa kwamba nikiruka mstari usio na kazi, mkono wangu utazoea kuruka, na utaruka wenye kazi. Hoja ina mantiki, na ilikuwa upumbavu. Kazi ya alasiri moja ikawa ya alasiri tatu. Siku ya pili asubuhi Marabo haikujibu foni. Siku ya tatu pia. Tulisema ni batri yao.

Asubuhi ya nne grupu iliwashwa, nikamaliza kupiga chapa. Nikafungua ukurasa, mashine ikasema kuna kosa karibu na mstari wa tisini na saba. Nikausoma mstari huo mara tatu. Nikasoma wa kabla yake na wa baada yake. Nikaanza kushuku diski, seva, hata Kampala.

"Nisomee," Mama Vero alisema, na daftari lake likiwa limefungwa magotini.

Nilimsomea kwa sauti kuanzia mstari wa themanini. Nilipofika tisini na sita aliinua kidole.

"Apo umeruka pembe ya kufunga."

"Hapana, mama. Ninayo karatasi."

"Karatasi yako haikusikia. Kambale alifunga pembe, akakohoa, akaendelea. Weye ulisikia kukohoa, ukaacha pembe." Akafungua daftari kwenye ukurasa wenyewe, akaniwekea kidole. Pembe ilikuwepo.

Niliongeza alama hiyo moja. Ukurasa ukafunguka: mweupe, maandishi meusi, "Bohari ya Dawa" juu, na chini yake mstari mmoja niliokuwa nimeuweka kwenye hifadhidata kwa majaribio, kwinini, katoni kumi na nne. Hakuna picha wala rangi. Nimeona kurasa nyingi tangu siku hiyo, na sijaona nyingine nzuri kama ile.

"Nani anamujibu?" Mama Vero aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anajijibu mwenyewe. Anauliza, anajijibu."

"Kumbe. Kama mi kanisani."

Tulikuwa tungali tunacheka alipoingia komanda wa wapiganaji walioushika mji wakati huo. Alikuwa na askari wawili waliobaki mlangoni, na chini ya kwapa daftari la shule, la aina ileile ya Mama Vero. Hakupiga kelele. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Vero njo nani?"

"Mi apa, komanda. Karibu. Kiti iko."

Alikaa. Akafungua daftari, akasoma polepole. "Lupango, lupango, mukeka, pembe ya kufungua. Siku tatu, mama. Batu yangu ya kusikiliza bameandika mpaka bic imeisha. Na hakuna jambo ya salamu. Hakuna habari ya batoto. Zamani, huyu mama alikuwa anauliza batu mpaka hali ya kuku. Sasa, hata jambo moja hakuna. Banasema: hapana, hii si mama wa dawa tena, hii ni message ya vita."

Nilielewa papo hapo, na uelewa huo ulinishuka kama maji ya baridi. Nilikuwa nimefuta yale ambayo binadamu wote wa masafa yale walihitaji kuyasikia, na nilikuwa nimeshikilia mistari zaidi ya mia ambayo hata mashine haikuihitaji.

Nilieleza. Nilimwonyesha ukurasa, karatasi zangu, faili lenyewe mstari kwa mstari. Komanda aliliweka daftari lake kando ya karatasi yangu, akalinganisha kwa kidole, na nilimheshimu kwa hilo, maana alilinganisha kama mwalimu. Alipofika mstari wa tisini na sita alisimama.

"Apa batu yangu bako na pembe. Weye hauna."

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Askari fulani, kilimani, katikati ya vita, ameinamia redio yake, alikuwa ameandika faili langu kwa usahihi kuliko mimi.

"Mwandishi wako ni mzuri, komanda," nilisema.

"Alikuwa anasoma pédagogie, ualimu," alijibu.

Kisha akafunga daftari. "Mi nabaamini. Lakini mukubwa wangu alisema: leta ile mashine inasema. Siwezi kurudia mikono mitupu. Foni ao hii ordinateur. Chagueni, mi niende."

Vijana wangu, sasa nasema jambo ambalo sijalisema mbele ya mtu. Nilifikiri. Nilifikiri kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Kompyuta ilikuwa mpya, na huenda isipatikane nyingine. Ndani yake mlikuwa na miezi miwili ya kazi. Foni ilikuwa kuukuu, na kanisa lilikuwa na foni nyingine kwenye misheni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na vituo vingeweza kuambiwa vipige huko. Kila hoja ilisimama juu ya mwenzake bila kutikisika. Ukurasa ulikuwa bado unawaka mbele yangu. Nilikuwa nimeshachagua, na nilikuwa nimefungua kinywa.

"Komanda, chukua hii," Mama Vero alisema, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya kompyuta. "Iko mupya. Mukubwa wako ataona iko mupya, atafurahi."

Komanda alinitazama mimi. "Professeur, ni vile?"

Nilifunga kinywa. Nikaitikia kwa kichwa.

Mama Vero mwenyewe ndiye aliyeizima, bila kuniuliza namna, maana alikuwa ameniona nikifanya. Askari mmoja akabeba skrini, mwingine sanduku. Walipofika mlangoni aliwaita.

"Na kamba yake. Bila kamba, mukubwa wenu ataweka chai juu."

Askari alirudi, akachukua waya, akasema asante kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Naruka mbele kidogo, msijiulize: vita ilipopungua nilipewa kompyuta nyingine, na faili lile nililiandika upya kutoka daftari la Mama Vero, safari hii bila mistari ya lupango. Mashine ilikubali mara ya kwanza. Makarani waliacha kuahidi katoni moja mara mbili. Nimeandaa mashine nyingi baadaye, na kabla ya kuandaa yoyote huwa najiuliza swali ambalo siku ile sikujiuliza: wanaotegemea kazi hii wanasikilizia wapi?

Lakini siku ile, gari la komanda lilipoondoka, tulibaki na meza tupu. Mama Vero hakunitazama. Nilisimama nyuma yake nikingoja aseme neno lolote. Ningepokea hata tusi. Alifuta miwani, akawasha foni, akabonyeza.

"Marabo, Marabo, Bunia anaita. Jambo, Dieudo. Ni mi, Vero. Mvua ilinyesha uko? Na batoto? Marabo, à vous."

Kilichojibu ni ule mlio wa foni, kama mchanga unaomwagika. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, akauliza pia hali ya mguu wa mama mkwe wa Dieudo. Dieudo alikuwa muuguzi wa kituo cha Marabo. Mimi nilimjua kwa sauti tu.

Sauti ikaja, chini sana.

"Bunia. Nani iko nyuma yako?"

"Iko professeur tu."

"Anashika nini?"

Mama Vero aligeuka, akanitazama mkononi, akaona kalamu. "Bic."

Ikaja pumzi ndefu, iliyosikika mpaka Bunia. "Mama, siye tulifikiri bamekushika. Unasema herufi kama mutu iko na bunduki kichwani. Nikaambia benzangu, Bunia imeanguka. Tulizima foni, tukaificha mu shamba ya mihogo. Leo njo nimeitosha mu mihogo, nimesema nisikilize mara moja tu."

"Tuko apa," Mama Vero alisema. "Sema hali."

"Hali ni mbaya. Batoto sept banaharisha. Seramu imebakia chupa moja, tunagawa na kijiko. Leta vingt. À vous."

Mama Vero alifumba macho. "Seramu vingt. Deux, zéro. Batoto sept. À vous."

"Vingt, mama. Na mbio."

Aliandika: seramu, yaani maji ya kutibu kuharisha, chupa ishirini, watoto saba. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na katika mkono huo mlikuwa na funguo za bohari. Nilizichukua nikaenda kufungua.